Kitambaa Nilichofumbata Ndani ya Eda

Namshukuru kwanza Mola aliyeniumbia ulimi, akaniacha niutumie miaka sitini na sita bila hata siku moja kukumbuka kuwa ni amana. Kisha akaniondolea kwa muda wa birika la chai kuchemka, akanirudishia ukiwa na upungufu. Kwa alichotoa, kwa alichotwaa na kwa alichorudisha, sifa ni zake. Rehema na amani zimfikie Mtume wetu Muhammad, jamaa zake na masahaba zake.

Baada ya hayo, mimi ni mjane wa Makorora, hapa Tanga. Jina langu ni Zena, lakini mtaani huitwa Mwalimu, kwa sababu nimewasomesha mabinti Kurani chumbani kwangu tangu nilipokuwa kijana. Naandika haya kwa mkono wangu, na binti yangu Rukia atayaingiza kwenye simu yake ili yawafikie wenye presha kama mimi, hasa wale wanaoona aibu. Sina elimu ya udaktari. Nitasema yaliyonipata tu.

Lazima nianze na marehemu mume wangu, Mzee Mbwana, kwa sababu hofu yangu ilianzia kwake.

Alikuwa muadhini wa msikiti mdogo wa mtaani kwetu. Akipenda kusema kuwa sauti yake inafika hadi mtaa wa Ngamiani, nami nikimjibu kwamba kinachofika Ngamiani ni kipaza sauti. Alikuwa na presha kwa miaka, na vidonge vyake alivificha ndani ya kasha la kofia zake za viua, juu ya kabati. Hakutaka mtu amwone anameza. Aliogopa wenzake wakijua ni mgonjwa watamhurumia, na wakishamhurumia watampa kijana adhana yake. Ikifika Ramadhani aliviacha kabisa. Nilimwambia, "Bwana, kuna kumeza wakati wa futari na wakati wa daku." Akanijibu, "Mwezi wenyewe ni dawa, Zena. Usinipunguzie imani."

Ramadhani ile, masika yalikuwa yameanza. Nilikuwa uani naosha mchele nikasikia akiadhini adhuhuri. Takbira ya kwanza ikatoka, ya pili ikatoka, ya tatu ikapinda katikati. Kipaza sauti kikabaki kinavuma bila mtu. Nilisimama na mchele mkononi nikisubiri amalizie neno. Hakumalizia, wala hakutamka neno lingine tena duniani.

Kiharusi kilimchukua upande wote wa kulia pamoja na ulimi. Alilala miezi mitano. Mimi na Rukia tulimgeuza, tukamlisha uji kwa kijiko, tukamfuta. Alikuwa na sauti moja tu, "mm", na hiyo aliitumia kwa njaa, kwa maumivu, kwa kunishukuru na kwa kulia. Nilijifunza kuzitofautisha kama nilivyozitofautisha sauti za wanangu wachanga.

Alifariki Mfungo Tano, mwezi wa tano baada ya Ramadhani, asubuhi, upepo wa kusi ukipiga madirisha. Rukia alikaa upande wa kushoto wa kitanda, mimi upande wa kulia. Nilimsomea shahada polepole, mara nyingi, kama ninavyomsomea mtoto aya mpya, nikiutazama mdomo wake. Nilisema moyoni, hata utikisike tu, Mola atajua. Mdomo haukutikisika. Mtu aliyewaita watu kwenye sala kwa miaka thelathini aliondoka bila kutamka shahada, na mimi nilikuwa na sikio langu juu ya midomo yake.

Tangu asubuhi hiyo nikawa na hofu moja. Haikuwa hofu ya kufa. Nilihofu kufa na ulimi uliofungwa. Na mimi pia nilikuwa mgonjwa wa presha, mwaka wa saba.

Nikaingia eda. Kwa asiyejua, mjane kwetu, aitwaye kizuka, hukaa ndani miezi minne na siku kumi. Havai pambo wala manukato, hatoki ovyo, haonani na wanaume wasio maharimu wake. Wifi yangu, Mwanamkuu, dada wa marehemu, alihamia kwetu kunisimamia. Ni mwanamke mwema na mkali. Alimlea Mbwana baada ya mama yao kufa, kwa hiyo aliyezikwa alikuwa kaka yake na kama mwanawe pia.

Wiki ya tatu vidonge vyangu vikaisha. Siku ya kliniki ikafika, nikaiacha ipite.

Hapa ndipo penye kosa langu, na nataka nilieleze bila kulipamba. Hukumu niliijua. Mwenye eda akiugua hutoka akatibiwa, hakuna mzozo katika hilo. Niliwasomesha hukumu hiyo wasichana chungu nzima, na baadhi yao sasa ni bibi za watu. Lakini niliwaza mabarazani watasemaje: Mwalimu mwenyewe kavunja eda, kaonekana kwenye bajaji hata mwezi haujatimia. Niliogopa macho ya watu kuliko nilivyoogopa kuuharibu mwili niliokabidhiwa, nikaiita hofu hiyo uchamungu. Vidonge vya Mzee Mbwana vilikuwa bado ndani ya kasha la kofia, juu ya kichwa changu. Nilimlaumu miaka yote ile, nami nikafanya lile lile.

Dalili zilikuja taratibu. Kisogo kilikuwa kizito kama nimejitwika ndoo. Masikio yalivuma. Mistari ya msahafu ikaanza kupanda mmoja juu ya mwingine, nikawa naufunga na kusoma kwa moyo, nikidhani hakuna anayeona.

"Mama, twende hospitali," Rukia alisema.

"Niko edani, mwanangu."

"Si wewe uliyetusomesha kuwa mgonjwa anaruhusiwa?"

"Najua nilichowasomesha."

Mwanamkuu, aliyekuwa akipepeta mchele mlangoni, akaingilia. "Presha gani tena? Hayo ni majonzi. Hata miye macho yamenivimba, mbona sisemi nipelekwe? Muache mama yako akae na mumewe kwa heshima."

Nilinyamaza, na kwa kunyamaza nikawa nimemuunga mkono.

Ikaingia Mfungo Sita, mwezi wa maulidi. Jumamosi moja asubuhi wasichana wangu sita walikuja kusoma. Msichana mmoja, Mwanaisha, alikuwa akisoma Fatiha, akaikosea herufi ya raa. Nikafungua mdomo nimrekebishe. Ulimi haukupanda. Nikajaribu tena, ikatoka sauti moja tu, "mm".

Mwanaisha alidhani namtania, akacheka. Kisha akauona mdomo wangu ulivyokwenda upande, kicheko kikamkatikia.

Nilikuwa na akili zangu timamu, na hilo ndilo lililokuwa baya zaidi. Nilijua nani amekaa wapi. Nilijua ni sauti ya nani inayotoka kinywani mwangu. Nilitaka kusema shahada nikaipata yote moyoni, neno kwa neno, na hakuna hata neno moja lililotoka. Nikasema ndani yangu, basi, ndivyo alivyokuwa. Miezi mitano yote alikuwa humu ndani, akitusikia.

Rukia alinivuta hadi kwenye bajaji nikiwa na kanga nyeupe za eda. Mwanamkuu alitufuata mlangoni akilia na kunirushia baibui. Tulipofika barabara kuu ulimi ukaanza kulegea. Nikaanza kusema shahada kwa sauti, mara ya kwanza, ya pili, ya tatu, mpaka dereva akaniangalia kwenye kioo. Yalitoka maneno yote, isipokuwa kwamba raa ya "rasuli" ilitoka nzito, kama imefunikwa na kitambaa kibichi. Haijapona hadi leo.

Hospitali tulikaa kwenye mabenchi ya sementi tangu asubuhi hadi baada ya adhuhuri. Watu waliniona, na hofu yangu yote ilikuwa hapo. Sasa nikagundua kuwa hakuna aliyekuwa na nafasi ya kunitazama. Mzee mmoja alikuwa amemshika mkewe kidevu ili mate yasimwagike. Mama mmoja wa Kidigo, aliyetoka Horohoro tangu alfajiri, alisogea nipate kivuli, akaona nguo zangu, akasema, "Pole, mamaangu. Nami nilikaa eda mwaka juzi." Akanipa nusu ya chungwa lake. Sikuweza kulimung'unya vizuri, likanitiririka kidevuni, akanifuta kwa upindo wa leso yake kama mtu tuliyelelewa pamoja.

Daktari aliniambia niseme jina langu, nitabasamu, ninyooshe mikono. Akasema kilichonipata ni onyo, kwamba mara nyingine huenda kisipite. Akaniandikia vidonge, vingine vipya, akanipeleka kwa nesi wa kliniki ya presha.

Nesi huyu, Agnes, ni Mbondei wa Muheza, mwembamba, sauti yake ndogo. Aliniamkia shikamoo, akasoma daftari langu, hakunigombeza.

"Bibi, huwa unatembea?"

"Niko edani."

"Aa. Mama mkwe wa dada yangu alikaa. Basi tutatafuta ya ndani kwa ndani."

"Magoti yangu mabovu, mwanangu. Na sina pumzi."

"Haya hayataki pumzi wala magoti. Nipe upindo wa hiyo kanga."

Akauviringisha upindo mpaka ukajaa kiganja changu. "Fumbata. Siyo kwa nguvu zako zote. Kama umemshika mjukuu mkivuka barabara: asichomoke, asiumie. Dakika mbili, kisha pumzika, kisha mkono wa pili. Kila mkono mara mbili, siku tatu kwa wiki. Na usibane pumzi, Bibi. Ukibana pumzi unaipandisha presha."

"Nitajuaje kama nimebana?"

"Zungumza huku unafumbata. Anayezungumza habani."

"Nizungumze na nani?"

Akacheka. "Si una Mungu wako, Bibi?"

Akanionyesha na mengine. Kuegemea ukuta, miguu mbele kidogo, nikateremka kidogo tu, kama mtu aliyetaka kukaa akakumbuka kitu. Kushika ukuta na kunyanyua visigino. Na kutembea ukumbini, polepole, mara nyingi kwa siku. Alinikataza kuacha vidonge kwa kisingizio cha mazoezi. Akasema nikisikia kifua kubana au kichwa kuzunguka niache hapo hapo na nirudi.

Nilikwenda nyumbani nikiwa sina imani. Mume wangu alikuwa na nguvu za kupanda ngazi za mnara na akaanguka. Kitambaa kitanisaidia nini?

Lakini nilianza. Rukia alikata kipande cha kikoi cha marehemu kilichochakaa, akakikunja, akakishona pembeni kisifunguke. Alinipimia kwa simu: kwa ulimi wangu mzito, dakika mbili ni Subhanallah duru mbili za thelathini na tatu, mkono mmoja ukifumbata kikoi na mwingine ukisogeza tasbihi. Nilikaa kitandani nikafanya hivyo baada ya sala ya alasiri. Asubuhi nilitembea ukumbini. Ukumbi wetu, tangu mlango wa mbele hadi wa uani, ni hatua zangu kumi na tisa. Kwenda na kurudi mara tano, nikapumzika kwenye kigoda, tena mara tano.

Mwanamkuu aliniangalia siku tatu. Ya nne hakuvumilia.

"Wifi, ni gwaride hilo?"

"Ni dawa. Nimeambiwa hospitali."

"Kaka yangu udongo wake haujakauka, na weye wajinyoosha mikono ukumbini kama askari! Kizuka akae atulie. Atakaye kutembea angojee eda iishe."

Nilihesabu hatua zangu. Lakini siku chache baadaye wanawake wa mtaani walikuja kunipa pole, wakanikuta nimeegemea ukuta, nimeteremka, mikono mapajani. Waliingia mmoja mmoja wakanipita wakikohoa. Jioni Mwanamkuu aliingia chumbani kwangu akakaa pembeni ya kitanda bila kunitazama.

"Unajua wasemavyo huko nje?"

"Wasemaje?"

"Wasema Mwalimu ajiweka sawa. Eda ikiisha tu apate wa kumwoa." Akaanza kulia. "Wamwambia nani maneno hayo? Waniambia miye, dada yake!"

Nilihisi damu ikinipanda usoni kama msichana. Miaka sitini na sita. Mume nimemzika miezi miwili haijatimia. Nikakitia kile kipande cha kikoi chini ya mto, nikaacha kila kitu. Niliacha kutembea, nikaacha ukuta. Vidonge nilimeza, lakini wakati Mwanamkuu hayupo.

Vuli zikanyesha. Yalikuwa majuma matatu marefu kuliko yote. Nililala nikisikiliza mabati, nikijaribu raa: ra, ri, ru. Kila ilipotoka nzito nilikumbuka bajaji. Sala zangu nilizisali kwenye kiti kwa sababu nikisujudu ukuta ulizunguka. Nilimwomba Mola anichukue upesi, kabla ya ulimi kufungwa tena, kisha nikastaghfiri kwa kuomba hivyo, kisha nikaomba tena. Sioni aibu kuliandika hili. Nimekaa na vitabu vya dini maisha yangu yote na bado nilifika mahali ambapo sikuwa na la kujiambia. Mgonjwa mwenzangu ukifika hapo, usidhani imani yako imekwisha.

Siku ya kliniki ikafika. Mabenchi yale yale. Nesi Agnes akanifunga mkanda mkononi, akapima, akasubiri, akapima mkono wa pili. Presha ilikuwa imepanda juu kuliko mwanzo.

"Vidonge unameza, Bibi?"

"Nameza."

"Na mazoezi, unafanya?"

"Nafanya," nikasema.

Rukia alikuwa nyuma yangu. Sikugeuka, lakini nilijua kuwa amesikia. Sikumbuki kama niliwahi kusema uongo wa wazi namna ile mbele ya mwanangu. Nesi aliandika kwenye daftari langu kwamba nafanya, na daktari akaniongezea dawa kwa sababu ya uongo huo.

Tulipofika nyumbani, Rukia alifunga mlango wa chumba. Mwanamkuu alikuwa ukumbini, na najua Rukia alitaka asikie.

"Baba alificha vidonge ndani ya kasha la kofia," alisema. "Kwa aibu. Sasa na wewe umeficha kitambaa chini ya mto. Niambie mapema, Mama, ili nijue. Nitawageuza vitandani wangapi kwa ajili ya aibu?"

"Watu wanasema..."

"Watu! Watu walikuja kumfulia Baba mashuka?"

Nilikaa. Yeye akanyanyua mto, akatoa kile kipande cha kikoi, akaniwekea kiganjani, akavifunga vidole vyangu mwenyewe na kuushika mkono wangu juu yake. Tukakaa hivyo. Nikaanza, Subhanallah, Subhanallah, kwa ulimi wangu wa kukwaruza.

Katikati ya duru ya pili akasema, "Ndivyo Baba alivyonishika."

"Lini?"

"Siku ile. Wakati unamsomea. Nilikuwa nimemshika mkono wa kushoto chini ya shuka. Alinifumbata hivi, halafu akaviachia vidole vingine, kikabaki kimoja kimenyooka. Hiki cha shahada."

Nikaacha kuhesabu. "Mbona hukuniambia?"

"Nilidhani umeona, Mama. Si ulikuwa hapo?"

Nilikuwa hapo. Nilikuwa naangalia mdomo. Miezi mitano nilimgeuza, nikamkogesha, nikazijua sauti zake zote, na dakika ile ya mwisho nikautazama ulimi ambao Mola alikwisha kuuchukua, nisiutazame mkono aliomwachia. Sijui kama kidole kile kilikuwa ni shahada au ni mshtuko wa mwili unaoondoka. Rukia naye hajui. Ulikuwa mkono wa kushoto, na ulikuwa chini ya shuka. Nimelia juu ya jambo hili kwa furaha na kwa uchungu, na hadi leo sijaweza kusema ni kwa lipi zaidi.

Nje ya mlango tulimsikia Mwanamkuu akijipenga kamasi.

Kesho yake nilitembea ukumbini. Mwanamkuu alikuwa ameketi kwenye mlango wa uani, kigoda chake kikiwa katikati ya njia, kama kawaida yake. Nilipokaribia akanyanyuka, akakisogeza, nikapita. Wanawake wengine walipokuja siku ile, nilimsikia akiwapokea mlangoni: "Karibuni. Mwalimu yumo dawani. Mwenye la kusema aniambie miye."

Eda ilipokwisha, kaskazi ilikwisha kuingia. Walinikogesha, wakanivisha kanga mpya. Mwanamkuu aliponishika mkono kunisimamisha, akaufinya juu ya kiwiko, akasema kwa sauti ya chini, "Umekuwa mgumu kama wa mpiga makasia." Kisha, akitazama kando, "Hivi, kile kitambaa chafumbatwa muda gani?" Nilimpa nusu ya kikoi kilichobaki.

Natamani niishie hapo, lakini wanaosoma haya ni wagonjwa na sitaki kuwadanganya kama nilivyomdanganya nesi. Nilirudi kwake nikamwambia ukweli. Akakata mstari juu ya alichoandika, akaandika upya, akasema, "Wengi hunidanganya, Bibi. Wachache hurudi kunisahihisha." Presha imeshuka, kidogo kidogo, kwa vidonge na kitambaa na kutembea kwa pamoja. Dawa ile ya nyongeza daktari ameipunguza. Lakini haijaondoka. Kuna siku inapanda bila sababu ninayoijua. Mwezi wa Rajabu vidole vya mguu wa kushoto vilikufa ganzi asubuhi nzima, nikarudi mabenchini, nikakaa nikijaribu raa zangu.

Na raa haikurudi. Mwalimu wa Kurani asiyeweza kuitamka raa hawezi kuwapa watoto raa yao. Nilijaribu mwezi mmoja, wasichana wakaanza kuitamka nzito kama mimi, kwa heshima, wakidhani ndivyo ilivyo. Nilipomsikia Mwanaisha akiikosea kwa namna yangu, nikafunga darasa. Nimewakabidhi kwa mwalimu mwingine wa Ngamiani. Jumamosi asubuhi nyumba iko kimya, na kimya hicho sijakizoea. Nimemsamehe kila mtu aliyesema. Kujisamehe mwenyewe kwa zile wiki za mwanzo, bado.

Sasa natembea nje. Baada ya alfajiri kupambazuka, mimi na Mwanamkuu hutoka, tukafika mwisho wa mtaa, siku nyingine tukavuka hadi Ngamiani tukiwa tumepumzika barazani kwa watu mara tatu. Husalimiwa kila hatua mbili, na kuitikia marahaba ni mazoezi ya pumzi pia. Alasiri hukaa kila mtu na kipande chake cha kikoi, tukafumbata. Yeye husahau na kubana pumzi. Mimi humwambia, "Sema, wifi." Naye husema jina la kaka yake.

Mwenye presha mwenzangu, meza dawa yako mbele za watu. Muulize mtu wa kliniki mazoezi yanayokufaa, hata kama huwezi kutembea, na ukiulizwa kama unafanya, sema kweli. Kwa kufumbata kitambaa hakuna atakayekuoa.

Na mimi nimemwachia Rukia wasia. Nimemwambia: siku yangu ikifika, kama ulimi utakuwa umefungwa, usinitazame mdomoni. Kaa upande wa mkono ulio hai. Utoe nje ya shuka. Ushike kama mjukuu mkivuka barabara: asichomoke, asiumie. Mkono huo nimeufundisha kwa muda mrefu, kila dakika mbili zake zikiwa na jina la Mola ndani yake. Wenyewe utajua la kufanya.

Ewe uliyesoma hadi hapa, Mola akulainishie damu yako katika mishipa yako, akuondolee aibu isiyo na faida, na akuachie kiungo kimoja cha kumkiri kwacho, na mtu mmoja atakayekishika. Amina.